Jina ambalo Stockholm hawakulisoma

Kila ikifika Oktoba sisi waandishi wa habari tunakaa mkao wa kula tukisubiri majina ya washindi wa Nobel. Yakitoka tunayaandika, tunaweka na picha, basi, mpaka mwakani. Leo nataka niwaandikie juu ya mtu ambaye jina lake halikusomwa mwaka 2006, na halikusomwa tena 2024.

Anaitwa David Baulcombe, Mwingereza aliyezaliwa 1952. Alisomea botania Leeds, akapata uzamivu Edinburgh, akapita Canada na Marekani, kisha akarudi kwao. Kuanzia 1988 alikuwa Maabara ya Sainsbury mjini Norwich, akichunguza virusi vya mimea.

Ili mnielewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Wingard, aliandika kuhusu tumbaku iliyoshikwa na virusi. Majani ya chini yalijaa mabaka, lakini majani mapya ya juu yalitoka safi, na hata ukiyaambukiza tena yalikuwa hayaugui. Sasa jamani, mmea hauna damu, kinga hiyo umeitoa wapi? Swali hilo lilikaa miaka karibu 70. Halafu 1990 watafiti wa Marekani na Uholanzi wakaleta kioja kingine. Waliongeza jeni ya rangi kwenye ua la petunia ili zambarau ikolee, na baadhi ya maua yakatoka meupe pe! Jeni iliyoongezwa ilinyamaza, na ile ya asili ikanyamaza nayo.

Mwaka 1997 Baulcombe na wenzake walionyesha kwamba vioja hivi viwili ni ndugu. Mmea hupona virusi kwa njia ileile unayotumia kunyamazisha jeni, yaani unaukatakata ujumbe wa RNA kabla haujafanya kazi. Lakini ndani ya chembe mna jumbe maelfu. Mmea unajuaje ni upi wa kukata?

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Yeye na Andrew Hamilton walifikiri hivi: lazima kiwepo kipande cha RNA kinacholingana na ujumbe unaowindwa, mithili ya picha ya mtuhumiwa mkononi mwa polisi. Mwaka 1999 wakavitangaza vipande hivyo katika jarida la Science. Vilikuwa na urefu wa kama herufi 25 tu, vifupi kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vikivipita. Palipokuwa na unyamazishaji vilikuwepo, pasipokuwa nao havikuonekana. Baadaye vikagundulika vinafanya kazi hiyohiyo kwa wanyama, hata katika chembe za binadamu.

Mwaka mmoja kabla, 1998, Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walikuwa wameonyesha kwa minyoo kwamba kinachowasha mtambo huu ni RNA yenye nyuzi mbili. Wakapewa Nobel ya 2006. Walistahili, sina ubishi. Ila tuzo hiyo inaruhusu watu watatu na wao walikuwa wawili. Mwaka 2008 tuzo ya Lasker ya Marekani ikawaweka pamoja Victor Ambros, Gary Ruvkun na Baulcombe, kwa RNA ndogo. Kufika 2024 Stockholm wakawapa Nobel Ambros na Ruvkun kwa ugunduzi wa RNA ndogo katika minyoo. Wawili tena. Watetezi watasema tuzo ilikuwa ya aina mahususi ya RNA, na ni kweli, lakini mimi naona mimea haina mtetezi kwenye vikao vya tuzo ya tiba.

Mbona tiba nayo imefaidika? Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa vipande vya namna hii, patisiran, kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva.

Na huku kwetu je? Mwaka 1936 Storey, akiwa Amani, milima ya Usambara, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mihogo. Ni ugonjwa wa hila. Shina linaweza kupendeza machoni, ukichimba na kupasua unakuta ndani madoa makavu ya kahawia. Kwa miaka mingi tuliuhesabu kuwa wa ukanda wa pwani, hadi 2004 ulipoonekana ukienea Uganda, mbali na bahari. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani wakatengeneza muhogo uliopewa kipande cha virusi vyenyewe, ili mmea uwe na zile RNA ndogo tayari kabla adui hajaingia. Yaani picha ya mtuhumiwa imebandikwa mlangoni mapema. Najua wengi wenu hamtaki kusikia habari za GMO, na mjadala huo una haki yake. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliruhusu muhogo huo utoke kwenye mashamba yaliyozungushiwa uzio na uingie hatua ya majaribio ya kitaifa, inayotangulia mbegu kumfikia mkulima.