Kidonge Kabla ya Koleo

Mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri antibiotiki kabla ya kung'oa jino, ili bakteria wa kinywani wasishike vali mbovu za moyo. Mwaka 2007 chama hicho hicho kiliibana desturi hiyo: amoksilini gramu 2, muda mfupi kabla ya jino kuguswa, kwa wenye vali bandia na wachache wengine. Kilikuwa sahihi, kwani hata kutafuna na kupiga mswaki huingiza bakteria damuni kila siku.

Watu watasema Kansay, Tanzania, si Marekani. Huku homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya watoto. Ni kweli, na Australia iliwabakiza wagonjwa wa aina hiyo miongoni mwa wazawa wake kwenye orodha ya wanaopewa kinga hiyo. Lakini hoja hiyo haimhusu mwenye moyo mzima anayejinunulia vidonge dukani. Kabla ya kung'olewa jino, mweleze daktari hali ya moyo wako.