Mali bila Daftari: Chuo Kikuu na Maneno ya Wazee wa Umatumbi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa biashara, na Kilwa ilikuwa nchi ya biashara. Walakini yafaa pia kwa mali ya namna nyingine, nayo ni maneno ya watu. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kipatimu, aliniuliza siku moja baada ya somo: "Mwalimu, maneno ya babu zetu yaliyoandikwa na chuo ni mali ya nani?" Sikuweza kumjibu pale pale. Makala haya ni jitihada ya kumjibu.

Watu wa Kilwa wana haki ya kuuliza. Tarehe ya masultani wao wa kale imetufikia kwa njia mbili: muhtasari uliomo katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichochapwa Lisbon mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ambayo imehifadhiwa London. Zote mbili zilinusurika mikononi mwa wageni. Tukishukuru kwamba zilisalimika, tusisahau kuwa zilisalimika kwa bahati, si kwa kanuni.

Sasa na tuiache pwani, tupande milima ya Umatumbi iliyo nyuma yake. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Kijerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Vita vikaenea hadi bara ya Lindi, Mahenge na Ungoni. Hesabu ya Wajerumani ilisema kuwa Waafrika 75,000 walikufa; Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Umatumbi, alikisia kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Tofauti ya hesabu hizi yatosha kuonyesha hasara ya kuliacha daftari mkononi mwa upande mmoja.

Hasara hiyo ndiyo iliyotaka kurekebishwa mwaka 1968. Chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilikuwa na umri wa miaka saba tu. Idara yake ya Historia, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gwassa katika kazi hii, iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji waliovikumbuka vita. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa sasa mzee wa miaka 78. Kungoja zaidi kungekuwa ni kuzika ushahidi pamoja na mashahidi. Ripoti na mahojiano yakakusanywa, yakapewa namba, yakawekwa chuoni. Mpaka leo mtafiti anayetaja kauli ya mzee fulani hutaja namba yake, na msomaji aweza kuifuata kauli hiyo mpaka chanzo chake.

Huenda msomaji akaona kuwa namba ni jambo dogo. Sivyo. Wanafunzi wale walikwenda vijijini na swali la zama zao. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na Mwalimu Nyerere alikuwa amevitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Basi wengi walitafuta umoja, na atafutaye umoja aghalabu huuona. Wanahistoria wa baadaye wamelipinga jambo hilo. Thaddeus Sunseri, mwaka 1997, alionyesha katika Uzaramo namna njaa, nguruwe wa mwitu na taabu za wanawake mashambani zilivyokuwa na sehemu katika vita. Felicitas Becker, mwaka 2004, akiitazama bara ya Lindi, alionyesha nafasi ya biashara na ya wakubwa wa mahali.

Je, ubishi huu ni aibu kwa chuo? Kwa maoni yangu ni heshima. Kama chuo kingehifadhi hitimisho peke yake na kuyatupa mahojiano, kosa la mwaka 1968 lingekuwa ukweli wa milele, kwa kuwa pasingekuwa na kitu cha kulipimia. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa chuo ni kuhifadhi neno lenyewe pamoja na jina la aliyelisema, mahali, siku, na hasa swali aliloulizwa. Maana jibu lisilo na swali lake ni nusu ya ushahidi.

Wajibu wa pili ni lugha. Kitabu kidogo cha kumbukumbu za Maji Maji kilichotolewa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968 kiliandikwa kwa Kiingereza. Wazee wa Umatumbi hawakusema Kiingereza. Neno likivushwa hupungua, na hapana budi lile la asili litunzwe kando ya tafsiri.

Wajibu wa tatu ndio mzito, nao ni kurudisha. Siku hizi nchi yetu ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni sheria njema, lakini sheria ya kulinda haimpelekei mjukuu wa Kipatimu maneno ya babu yake. Hilo lataka nia ya chuo chenyewe: nakala zifike katika shule na maktaba za wilaya, na mwenyeji aweze kusoma bila kuomba kama mgeni.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili. Watu wa pwani walijua tangu zamani tofauti ya mali na amana. Mwenye mali hufanya apendavyo. Aliyewekewa amana huandika alichopokea, hukilinda, na hukitoa mwenyewe anapokuja kukidai. Maneno ya wazee ni amana. Chuo kimeandika, na kwa sehemu kimelinda. Yeye, kwa kuuliza kwake, amekwisha kuja kudai.