Tiara isiyo na uzi

Jumapili moja nilikuwa Bagamoyo, watoto wanarusha tiara ufukweni. Tiara zenyewe ni gazeti na chelewa za ufagio. (Angalau gazeti letu lina kazi.) Ya mmoja ikakatika uzi, ikateleza hewani mpaka mchangani.

Wadau, kuna watu waliamua kuongoza kitu kama kile bila uzi. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ndogo ya redio, Guff. Mchezo tu. Miaka ya 1980 Abraham Karem, mpenzi wa kuunda glaida za mchezo, akajifungia gerejini kwake Los Angeles. Kazi ile ndiyo baadaye ikazaa Predator, droni inayoua.

Lakini Zanzibar, mwaka 2016, mchezo huohuo ulikwenda kwingine. Vijana wa SUZA na Kamisheni ya Ardhi walianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa eBee: ndege ya sponji, gramu kama 700, mabawa hayafiki mita moja. Unaitikisa mkononi injini iwake, unaiachia. Ikimaliza inashuka taratibu, inatua kwa tumbo.

Pwani hii ramani zake nyingi walichora wageni, na Wajerumani waliokaa hapa Bagamoyo wakiwemo. Walijua wanachotafuta. Safari hii walioirusha ndege ni vijana wa visiwani wenyewe, na kwenye picha zao unaliona hadi paa la nyumba moja. Mwenye nyumba anaweza kubishana na ofisi ya ardhi akiwa na ushahidi.