Deni la Insha ya Darasa la Nne

Mwishoni mwa Juni 2024, shule zikiwa zimefungwa, binti yangu na mumewe walinipitia nyumbani kwangu hapa Dodoma saa kumi na moja alfajiri. Gari lilikuwa Noah yao ya nyumbani, na ndani yake walikuwamo wajukuu wangu watatu: wa kwanza ana miaka 12, wa pili 9, na kitindamimba 6. Tulibeba chupa mbili za chai, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga za kukaanga, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya yule mdogo, ambaye safari humtapisha. Tulikuwa tunakwenda kuiona Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kwa kupitia Kondoa na Babati.

Hatujatoka mbali na mji, yule mdogo akaniuliza, "Babu, wewe tembo umemwona mara ngapi?"

Ndugu msomaji, nilikuwa mwalimu kwa miaka 38, tangu 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2010, na katika hiyo miaka 21 nilikuwa mwalimu mkuu. Nimemchora tembo ubaoni kwa chaki mara zisizohesabika. Nimewaimbisha watoto kwamba wanyamapori ni urithi wao. Hapana budi nikamjibu ukweli: "Sijamwona hata mara moja, mjukuu wangu, ila wa kuchora."

Binti yangu, aliyekaa kiti cha mbele, hakugeuka. Lakini nilimwona kwenye kioo akitabasamu, nami nikajua anakumbuka nini.

Kabla sijaeleza hilo, niseme kwamba kutomwona tembo ni jambo la ajabu kwa mtu wa Dodoma. Jina lenyewe la mji wetu, kwa simulizi ambayo kila mtoto wa Kigogo huipata kwa wazee wake, latokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama matopeni, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Wapo wazee wanaosimulia vinginevyo, kwamba waliozama ni ng'ombe wa wizi ambao mikia yao ilichomekwa matopeni ili kuwahadaa wenyewe. Vyovyote iwavyo, waliotunga kisa cha tembo walimjua tembo. Karne ya kumi na tisa misafara ya pembe kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, na watemi wetu walitoza hongo kwa maji na kwa njia.

Baadaye zikaja sheria. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwinda kwa leseni na ya kutenga maeneo ya wanyama. Waingereza nao wakatunga sheria yao mwaka 1921. Babu yangu mzaa baba hakuwa msomaji wa sheria. Katika ile njaa kuu tuliyoiita Mtunya, iliyoangamiza Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, yeye na ndugu zake waliponea nyama ya porini. Miaka mingi baadaye bwana nyama alimkuta na tandala mmoja kwenye mtego, akafungwa. Nakumbuka alivyotusimulia bila hasira, ila kwa mshangao: mnyama aliyemponya ujanani ndiye aliyemfunga uzeeni. Ndipo nilipolielewa lile jina ambalo wazee wa kusini waliipa Selous, Shamba la Bibi. Inasimuliwa kwamba bibi huyo alikuwa mke wa Kaisari. Hakuwa bibi yetu.

Naam, mambo yalibadilika. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko pale Arusha. Kiini chake kilikuwa kwamba wanyama hawa ni amana, na kwamba serikali yake ingefanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waje kuufurahia urithi huo. Mimi nilikuwa na miaka 11. Mikumi na Ruaha zikawa hifadhi za taifa mwaka 1964, Tarangire mwaka 1970. Mwaka huo wa 1970 nilikuwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa, tukifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa karatasi za manila. Chati yangu ya wanyama wa Tanzania ilisifiwa na mkufunzi. Nilikuwa nimeinakili kitabuni, na aliyechora kitabu sijui naye alinakili wapi.

Sasa nije kwenye insha. Mwaka 1989, katika shule niliyokuwa mwalimu mkuu, niliwapa watoto wa darasa la nne kichwa hiki: "Safari Yangu ya Mbuga ya Wanyama." Hakuna mtoto mmoja aliyewahi kwenda. Mwalimu wao pia hakuwahi. Hata hivyo waliandika kurasa nzima: baba alitupeleka kwa gari, simba akanguruma, tukalala hotelini. Niliwapa maksi 15, 16, hata 18 kwa 20. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 10, aliandika sentensi nne tu. Alisema hajawahi kwenda mbugani. Alisema hata baba yake hajawahi. Alisema mbuni amemwona kwenye senti ishirini za zamani, ambazo mama huziweka kwenye kopo. Alisema akienda ataandika.

Nilimpa 3 kwa 20, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Hukufuata maagizo."

Jioni mama yake aliisoma insha ile chini ya koroboi, akainua macho, akasema, "Mwalimu, wanaodanganya umewapa 18. Huyu mkweli umempa tatu." Sikuwa na jibu. Nikaahidi kwamba nitawapeleka, yeye na mama yake, wakaone.

Msomaji wa leo asidhani ahadi ile ilikuwa nyepesi. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka migumu baada ya vita vya Kagera, miaka ya foleni za sukari na sabuni, ambapo mafuta yalikuwa haba hata magari ya binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Barabara ya Kondoa ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, ziliwafikisha baadhi ya wanafunzi hifadhini, lakini shule yangu haikuwahi kupata gari. Mshahara wa mwalimu ulikuwa na safari zake nyingine: ada, matibabu, bati. Lakini visingizio si malipo. Mke wangu alifariki mwaka 2016. Deni lake sikulilipa.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilikamilika kwa lami mwaka 2018. Siku hiyo ya Juni tulifika Kondoa kabla jua halijawa kali, na mbele yake tukasimama Kolo, kwenye michoro ya miambani ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Kupanda kule kuna mwinuko. Wajukuu walitangulia kama mbuzi, mimi nikafuata na mkongojo wangu, nikipumzika kila hatua thelathini.

Katika michoro ile ya Kondoa wamo twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba, wote kwa rangi nyekundu. Yule wa miaka 9 aliisogelea akauliza, "Babu, waliochora walikuwa wamewaona?"

"Waliwaona," nikasema. "Angalia shingo ya twiga inavyokaa. Huwezi kuipata kwa kusimuliwa." Nikaikumbuka chati yangu ya Mpwapwa.

Tulilala Babati, na kesho yake mapema tukafika Kwa Kuchinja na kushika njia ya lango. Pale fedha taslimu haipokelewi, na ada ya Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya ile anayolipa mgeni kwa dola. Magari mengi yalikuwa ya watalii, yale yenye paa la kufunguka. Noah yetu ilisimama katikati yao kama mwanafunzi aliyekuja na sare iliyopauka. Lakini mlinzi alituamkia vizuri, akawaambia watoto, "Karibuni, hapa ni kwenu."

Tembo wa kwanza tuliwaona mtoni. Ni kundi la majike na watoto, wakichimba mchanga kwa mikonga na miguu ili kupata maji. Yule mdogo alinishika shati asiseme neno. Mimi nami nilinyamaza. Kitu ambacho chaki haikuwahi kunieleza ni ukimya wao: mnyama mkubwa kiasi kile, lakini hatua zake huzisikii. Kisha tukapita penye mibuyu iliyochunwa magome, mingine ikiwa na mashimo ya kuingia mtu, kwa sababu wakati wa ukame tembo huchuna na kutafuna magome yake. Mjukuu akapiga kelele, "Wanakula mibuyu yetu!" Tukacheka sote, maana kwa mtoto wa Dodoma mbuyu ni jirani, na ubuyu ni pipi.

Yule mkubwa aliuliza swali la kitu kingine. Njiani alikuwa ameona ng'ombe wa Wamasai kwenye vumbi, akataka kujua kwa nini hawaletwi kunywa mto huu wenye maji. Nikamweleza kwamba zamani waliletwa. Hapa palikuwa pahali pa kunyweshea wakati wa kiangazi, mpaka hifadhi ilipotengwa. Nikamweleza pia kwamba kuhifadhi peke yake hakutoshi: kati ya 2009 na 2014 tembo wa nchi hii walipungua kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000 kwa sababu ya ujangili. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo wenye ng'ombe waliondoka, na tembo bado waliuawa." Sikumsahihisha. Aliyelipia hifadhi kwanza si yule anayekata tikiti langoni. Ni yule aliyeambiwa asogee, na ni yule, kama babu yangu, aliyefungwa kwa ajili ya tandala. Kama hao na wajukuu wao hawatakaribishwa kuona kilichohifadhiwa kwa jina lao, basi tumebadilisha bibi tu, shamba ni lile lile.

Mchana tulikula viazi vyetu kwenye eneo la kupumzikia, tumbili wakituvizia. Nikamwambia binti yangu, "Mwaka ule nilikukosea maksi."

Alikuwa anamenya yai la mtoto. Akasema, "Baba, mimi nilisahau siku nyingi. Mama ndiye aliyetaka kuja."

Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Ninawaandikia hasa walimu wenzangu walioko kazini. Msiwape watoto kichwa cha insha ambacho nyinyi wenyewe hamkijui, na mtoto akiandika kwamba hajaona, msimwadhibu. Huyo amewapa taarifa ya kweli kuhusu shule yenu. Kutoka Kondoa hadi Kolo si mbali. Wazazi wakichangishana mapema, gari moja la kukodi na kuku wachache waliouzwa hufikisha watoto mbali kuliko chati. Na sisi wazee tulio na wajukuu tusingoje pensheni iongezeke.

Jioni yule mdogo aliniuliza tena nimemwona tembo mara ngapi. Nikamwambia ahesabu yeye, maana tulikuwa pamoja. Alifika kumi na saba, usingizi ukamchukua.