Mbalamwezi

Kwa washairi, mbalamwezi ni neno la mapenzi. Kwa mvuvi wa Kibirizi au Ujiji ni siku za kupumzisha nyavu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvutwa na taa. Mwezi ukijaa, mwanga hutanda ziwa zima na taa hupoteza nguvu. Kazi hufuata giza.

Na giza hilo lina hesabu. Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27.3, lakini kwa kuwa Dunia nayo inalizunguka Jua, mwezi mpevu hurudi baada ya siku 29.5 hivi. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Ndiyo maana, ukishajaa, giza la mwanzo wa usiku hurefuka na wavuvi hurudi majini.

Na kuhusu neno "mwezi" lenyewe, wapo wanaotaka miezi ya sayari nyingine iitwe "setilaiti asilia". Mimi naona "mwezi" linatosha kabisa, hata kwa Phobos wa Mirihi, unaoizunguka sayari yake kwa saa 7.7 tu, upesi kuliko Mirihi inavyojizungusha, hivyo huchomoza magharibi na kutua mashariki.