Ugumba: Kitambi cha mume nacho kipimwe

Na Mwandishi Wetu, Muleba

NDOA inapotimiza mwaka mmoja bila dalili ya mimba, katika mji mdogo wa Nshamba, wilayani Muleba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, anayenyooshewa kidole kwanza ni mke. Yeye ndiye hupelekwa kwa mganga, yeye ndiye hunyweshwa dawa za mitishamba, na wakati mwingine hurejeshwa kwao. Mume hubaki nyumbani, na pengine huanza kutafuta mke mwingine kabla hajakanyaga hospitali.

Hata hivyo, wataalamu wa uzazi wanaeleza kuwa katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo la mwanamume limo, ama peke yake ama likiambatana na la mwenzake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake, yaani kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga.

Buhaya ina historia yake katika jambo hili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, uzazi mdogo wa eneo hilo uliwatia wasiwasi watawala wa kikoloni. Kaswende, ambayo huua mimba tumboni, na kisonono, ambacho huacha makovu katika mirija ya uzazi ya mke na ya mume, ndiyo yaliyotajwa zaidi. Mwanahistoria Shane Doyle ameyaandika hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Buhaya, Ankole na Buganda.

Magonjwa hayo bado yapo na bado yanastahili kuchunguzwa. Lakini limeongezeka jambo jingine lisilo na usaha wala kidonda, nalo ni namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, kazi ambayo wataalamu huiita umetaboli.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima katika vijiji vilivyopimwa nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban asilimia 9. Tafiti hizo hazikufanana kwa kila jambo, lakini mwelekeo unaonekana. Ndizi isilaumiwe peke yake, kwani wazee waliila ndizi hiyo hiyo, ila walipanda vilima kwa miguu na jembe begani. Leo ipo bodaboda, ipo soda, zipo chipsi, na jioni ipo bia mbali na rubisi.

Mafuta ya kitambi hayakai bure. Ndani yake kimo kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, ambayo kwa kawaida ni nyingi kwa wanawake. Ubongo ukiona estrojeni imezidi, hupunguza amri inayotumwa kwenye korodani, na utengenezaji wa mbegu hudorora. Aidha, korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi kama mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na mafuta ya mapajani na kinenani huzinyima ubaridi huo.

Kisukari kisichodhibitiwa huongeza kemikali zinazochubua mbegu na kukatakata vinasaba vilivyomo ndani yake. Huharibu pia mishipa ya fahamu, hata uume ukakosa nguvu, au shahawa zikarudi nyuma kwenye kibofu cha mkojo badala ya kutoka. Mume wa namna hiyo anaweza kudhani kuwa yu mzima, kumbe mbegu hazifiki zinakotakiwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi, ingawa aibu hukifanya kionekane kigumu. Mwanamume hujizuia siku mbili hadi saba, kisha hutoa shahawa katika chombo safi. Zinatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja bila kupoa, hivyo sampuli iliyotolewa nyumbani Nshamba haiwezi kuwahi Bukoba mjini kwa basi. Ni heri kuitolea huko huko hospitali. Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha marejeo ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba. Hurudia kipimo, na siku hiyo hiyo yafaa apimwe sukari, shinikizo la damu na kiuno. Kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume ni dalili ya kuangaliwa.

Habari njema ni kwamba mbegu hutengenezwa upya kila mara. Kutoka mwanzo hadi kutoka nje huchukua takriban miezi mitatu. Nchini Denmark, wanaume 56 wenye unene uliokithiri walipewa chakula kidogo sana kwa wiki nane, chini ya uangalizi wa madaktari. Walipungua wastani wa kilo 16.5, na wingi wa mbegu kwa mililita ukaongezeka kwa karibu nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na uzito mdogo ndio waliobaki na faida hiyo.

Wapo wanaokimbilia sindano au vidonge vya testosteroni ili "kuongeza nguvu". Hilo ni kosa kubwa kwa anayetafuta mtoto, kwani homoni ya nje huufanya ubongo usitishe amri yake kwa korodani, na mbegu zinaweza kwisha kabisa kwa miezi kadhaa. Mgonjwa wa kisukari naye asiache dawa zake kwa kuhofia uzazi. Sukari iliyoachwa juu ndiyo inayomharibia.