Vyura 499 waliopanda ndege

Unaukumbuka ule utani wa vyura wa Kihansi? Eti nchi ina mgao wa umeme, halafu watu wanahangaikia vyura! Kaa kidogo nikusimulie, maana historia yenyewe ina somo kuliko utani.

Chura huyu ni mdogo, hafikishi hata sentimita 3, na hatagi mayai: anazaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Duniani kote hakuwa na kwao kwingine ila takribani hekta 2 zilizoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko.

Shida ni kwamba bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu yake. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ikageuziwa huko. Manyunyu yakakatika.

Ndipo yakafanyika mambo mawili. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Huo ndio uhifadhi nje ya makazi asilia. Kule korongoni nako yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu. Huo ni uhifadhi ndani ya makazi asilia.

Kwa nini yote mawili? Jibu lilikuja mwaka 2003. Vyura wa korongoni, waliokuwa wameanza kuongezeka, walikufa ghafla; kuvu aina ya kitridi, inayoshambulia ngozi, ilikutwa kwao. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza kuwa wametoweka porini.

Marekani nako hakukuwa mteremko. Wengi walikufa, wakabaki chini ya 100 kabla watunzaji hawajajua namna ya kuwalea. Lakini wakazaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena korongoni.

Unaona? Bila bustani ya wanyama, kusingekuwa na chura wa kurudisha. Bila yale mabomba, kusingekuwa na mahali pa kumrudishia. Na mabomba hayo yanahitaji maji yaleyale yanayozalisha umeme, kila siku. Kwa hiyo kumrudisha chura si mwisho wa kazi. Kazi ni kuendelea kugawana naye mto.